Mahamri Bila Mbaazi: Barua kwa Dada Mwanakombo

Kwako dada yangu Mwanakombo, uliyelazwa Vanga nami sipo,

Sikuulizi hali. Nimekawia mno kukuuliza, na sasa hata ningeuliza, nani angenijibu? Nilifika kwa mjomba siku ya kumi na moja tangu uzikwe. Udongo wa kaburi lako ulikuwa umeshapasuka kwa jua, na mwanao Zuhura alikuwa ameketi kizingitini akichambua choroko kama mtu mzima. Hakunijua. Ilibidi aambiwe kwamba mimi ni mama yake mdogo.

Barua hii siifungi. Nitaisoma kwa sauti mbele ya yeyote atakayetaka kusikiliza, hapa Msambweni na huko Vanga, na atakayetaka kuinakili na ainakili. Wewe ulifedheheshwa mbele za watu, barazani, mchana. Siwezi kukusafisha kwa kunong'ona.

Naanza mbali kidogo, nivumilie. Unakumbuka ubao wa mama wa kuuzia vyakula pale njia panda, walipokuwa wakipita wakataji miwa kwenda mashambani? Mimi nilikuwa na miaka minane, wewe kumi na minne. Baba alikuwa ameshatangulia mbele ya haki. Alfajiri mama hukaa kwenye karai la mahamri, wewe hukuna nazi za mbaazi, na mimi hukaa kwenye rundo la magazeti makuukuu nikikata vipande vya kufungia. Wakataji hawakuwa na wakati wa kukaa kula. Walichukua mkononi: mahamri na mbaazi ndani ya jani la mgomba, au mihogo ya kukaanga na samaki ndani ya gazeti, wakaenda zao. Kila nilipokata kipande ulikuwa ukinizuia mkono.

"Nisomee kwanza, ndipo nikifungie muhogo."

Nami nilikusomea. Mara habari ya meli, mara ya mtu aliyeibiwa baiskeli huko Mombasa. Aghalabu habari ilikatika katikati.

"Haya, mwisho wake?"

"Umekatwa, dada. Uko kipande kingine."

"Basi mteja ataula na muhogo wake," ulikuwa ukisema, ukacheka mpaka mama akakukemea kwamba utatia mate kwenye mafuta.

Wewe hukusoma hata siku moja. Mwaka ule mwalimu alipokuja nyumbani kuuliza kama kuna binti wa kuandikishwa, mama alikataa, akasema kazi ni nyingi na mikono ni michache. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilikusikia ukimwambia, "Mama, mwache Mishi aende. Kazi yake nitaifanya mimi." Na uliifanya. Miaka yote niliyokaa darasani, ulikuwa ukiamka mapema zaidi kwa ajili yangu, na vidole vyako vikajaa makovu ya mafuta ya moto. Jambo hili nalisema mwanzo ili anayesikiliza ajue mtu niliyemtenda nilivyomtenda alikuwa nani kwangu.

Bakari alikuja kwa mihogo. Kijana mrefu wa kiwanda cha sukari, mpole, hakuwa na maneno mengi. Kila siku alinunua fungu moja, na kila siku alisahau kukushukuru kwa sababu alikuwa akikutazama. Mlioana, ukahamia kwao, mwendo mfupi tu kutoka njia panda, na asubuhi uliendelea kuja kumsaidia mama. Alipozaliwa Saidi ulimfunga mgongoni, ukakanda unga naye amelala. Wateja walimpenda. Walimwita mkaguzi, kwa kuwa alikuwa akitazama kila kitu kilichotoka kwenye karai.

Alikuwa hajatimiza mwaka na nusu ulipopata mimba ya pili. Mavyaa wako, mama yake Bakari, akakwambia umwachishe ziwa siku ile ile. Alisema maziwa ya mwenye mimba humharibu mtoto. Ukamwachisha. Tangu hapo Saidi akawa wa kukaa chini ya ubao, hamri mkononi, na kikombe cha chai ya rangi yenye sukari nyingi pembeni. Mbaazi hazikumfikia. Sufuria ya mbaazi ilikuwa ya wateja, na wateja waliikomba mpaka chini. Yeye alipewa mahamri yaliyovunjika na yaliyoungua pembeni, mengi tu, hata akashiba. Hakulia njaa hata siku moja. Hilo ndilo lililotudanganya sote.

Mwaka ule mimi nilikuwa nimemaliza shule na nimepata kazi. Ilikuja kamati ya uchunguzi wa vyakula, ikaazima chumba kimoja karibu na barabara, ikataka msichana anayejua Kidigo, Kiswahili na Kiingereza kidogo. Mkubwa wetu alikuwa Bi Rhoda, mama wa kutoka bara, mnene, mwenye miwani, asiyechoka kutembea. Kiswahili chake kilikuwa cha bara, kikituchekesha, na chetu kikimchekesha, lakini alimwamkia kila mzee shikamoo kabla ya kufungua daftari, na watu wakampenda kwa hilo.

Nilikuelezea kazi yetu, nawe ulikuwa ukishika mbavu kwa kicheko. Tulikuwa tukipita kwenye vibanda na mbao za barabarani, tangu Msambweni mpaka Diani na Waa, tukinunua chakula kile wanachochukua watu mkononi: bajia, vitumbua, mihogo, samaki wa kukaanga, mahamri, mikate ya mchele. Tunakileta chumbani. Tunakipima kwenye mizani, tunakikausha, tunakisaga, tunakitia ndani ya chupa zenye namba, na chupa hupelekwa Nairobi zikachunguzwe kilichomo. Alasiri tunaingia majumbani kuuliza, "Jana mlikula nini? Mtoto je, alikula nini, kiasi gani, nani alimpa?" Bi Rhoda alitaka kujua kama mtu anayekula barabarani siku nzima anapata cha kumjenga mwili au anajaza tumbo tu.

Tulinunua na kwa mama. Alifurahi nilipomletea mteja mgeni mwenye miwani, akamwongezea hamri moja. Aliposikia kwamba halitaliwa, bali litakaushwa na kutiwa chupani, uso ulimbadilika.

"Chakula changu kinatiwa chupani? Kwani mimi nauza dawa, au nauza sumu?"

"Si hivyo, mama," nilimwambia. "Wanapima tu."

"Kinachopimwa kina mashaka," alisema, akageuza mgongo.

Mwezi wa pili Bi Rhoda alitukalisha akatuonyesha picha, ili tujue dalili tunapoingia majumbani. Picha moja ilikuwa ya mtoto wa miaka miwili hivi. Mashavu yamejaa, miguu imejaa, nywele chache zenye rangi ya kutu, na macho hayataki kitu. Nilisema, "Huyu mbona amenona?"

"Huyu si mnono, Mishi," alisema Bi Rhoda. "Hii ni maji tu. Anakula, anashiba, lakini mwili yake inakosa ile kitu ya kujenga. Ukibonyeza mguu, alama inabaki. Ukimwona kama huyu usingoje kesho. Anaweza kupona, lakini usingoje."

Dada, sikuisikiliza sehemu iliyobaki. Wiki nzima watu walikuwa wakinipongeza kwamba Saidi wetu amenona.

Nilikuja kwako alasiri ile ile, vumbi la njia bado liko miguuni. Ulikuwa umempakata uani. Nilichukua mguu wake nikaubonyeza kwa kidole gumba. Ulicheka, ukaniuliza kama nimeanza kununua watoto kama ninavyonunua muhogo. Kisha nilitoa kidole. Shimo likabaki palepale, halikurudi. Ukaacha kucheka.

Nilikueleza yote niliyoyasikia. Nilikwambia umpe samaki, umpe kunde, umpe mbaazi, yai likipatikana, maziwa yakipatikana, na kesho yake umpeleke hospitali. Ulinisikiliza bila kunikatiza. Ukasema polepole, "Mavyaa anasema ni chirwa."

Kwa asiyelijua neno hilo: chirwa ni ugonjwa ambao wazee wetu husema humdhoofisha mtoto ambaye mzazi wake ametoka nje ya ndoa. Mtoto huvimba au hunyauka kwa dhambi isiyo yake. Na kila litajwapo jambo hilo, anayetazamwa ni mama.

"Bakari hasemi nami, leo siku ya tatu," ulisema. "Wanasema nilikuwa nikicheka na wakataji pale kwenye ubao. Kumpeleka hospitali wamekataa, wanasema chirwa haina sindano. Ijumaa baada ya sala wataitana barazani wanihoji."

"Na wewe wasemaje?"

"Mimi najijua, Mishi. Wallahi sijatoka nje ya ndoa yangu hata kwa mawazo." Ukanishika mkono. "Wewe umesoma. Watakusikiliza wewe. Utawaambia?"

"Nitawaambia," nilisema.

Nilisema hivyo, dada. Sikuwa nikikuridhisha tu, nilikusudia. Usiku wote nilipanga maneno.

Ijumaa asubuhi mama aliniita jikoni. Alikuwa hajawasha moto, jambo nisilopata kuliona kwake.

"Umemwambia dada yako kwamba ni chakula?"

"Ndiyo, mama. Mtoto hapati..."

"Chakula cha nani?"

Nikatazama jiko lisilo na moto.

"Chakula cha nani, Mishi? Mtoto yule anakula wapi? Ukisimama leo mbele ya watu wa Bakari ukasema ni chakula, umesema ni mimi. Kesho nani atakayesimama mbele ya ubao wangu? Watasema mahamri ya bibi yamemvimbisha mjukuu."

"Mama, wanataka kumsingizia uzinzi."

"Mwanakombo bado kijana. Maneno ya watu yatapita, ataolewa kwingine. Mimi mjane, nina nini kingine cha kufanya? Hayo mahamri ndiyo yaliyokusomesha ukajua kuyatia chupani." Mama yetu hakuwa mtu wa kulia, na alilia. "Usinizike mwanangu. Nakuomba."

Simlaumu mama hapa ili nijitoe mimi. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na sababu. Mimi ndiye niliyekuwa na elimu. Ningeweza kumwita Bi Rhoda aje aseme yeye. Alikuwa chumbani kwetu siku hiyo, akiandika namba kwenye chupa, hatua chache tu kutoka pale. Nilipita mlangoni pake nikienda kwa akina Bakari. Aliinua kichwa akaniuliza kama kuna shida, nikamjibu hakuna.

Barazani walikaa ami zake Bakari wawili, Bakari mwenyewe, mavyaa wako na wanawake wa jirani. Mama alikaa karibu nami, bega kwa bega. Saidi alikuwa mapajani mwako, kichwa kimelala, hata nzi hakumfukuza. Ami mkubwa aliuliza kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali.

"Mwanakombo, mwanangu, sema tu. Ukisema, dawa ipo, mtoto ataponywa. Ni nani?"

"Hakuna, baba."

"Mtoto hadanganyi," alisema mavyaa wako. "Tazameni miguu yake. Hiyo ndiyo shahidi."

Ukaapa. Uliapa kwa Mungu, ukaapa kwa mimba uliyokuwa nayo, na kila ulipoapa walitazamana. Kisha ukanigeukia.

"Muulizeni Mishi. Mishi anajua. Ameona watoto wengine kama huyu, ni ugonjwa wa chakula. Waambie, Mishi."

Wote waligeuka. Naliona jasho juu ya mdomo wa Bakari. Naliona, na hili sitalisahau, kwamba Bakari alikuwa akitaka niseme. Alikuwa ameinama mbele kama mtu anayengoja kufunguliwa. Bega la mama lilikuwa limegandamiza bega langu.

Nikasema, "Mimi si daktari."

Hayo tu. Hayakuwa uongo, na ndiyo yaliyokumaliza. Bakari aliinamisha uso. Ami yake akasema basi, binti msomi mwenyewe hajui. Talaka ilitamkwa kabla ya alasiri. Ulinitazama mara moja, si kwa hasira. Ulinitazama kama unayetafuta mtu aliyekuwa amekaa pale nilipokaa mimi. Kisha ukamlaza Saidi kwenye mkeka, ukamfunika miguu kwa leso yako, ukaingia ndani kuchukua kasha lako. Walikuzuia kumchukua. Walisema atabaki ili afanyiwe dawa.

Ulikwenda kwa mjomba Vanga. Saidi akapewa mizizi na kafara. Nilikwenda kumtazama mara mbili, na mara zote mbili mavyaa wako alinipokea kwa kahawa. Nilikunywa, dada. Nilikaa nikanywa kahawa. Ngozi ya miguu ilipoanza kubambuka ndipo Bakari alipompakata bila kumwambia mtu akampeleka hospitali. Walijitahidi naye. Alikuwa amechelewa. Alifariki wiki ile bendera mpya ya Uhuru ilipopandishwa, barabarani watu wakipiga ngoma, na waliobeba jeneza dogo wakangoja kando msafara wa magari yenye bendera upite.

Habari ilikufikia baada ya maziko. Ulikuja siku ya tatu ya matanga, mimba imekuwa kubwa, viatu mkononi. Hukuingia. Ulisimama nje ya ua wa makuti, nami nikatoka. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi. Uliniuliza neno moja tu.

"Alikuwa akila?"

"Siku za mwisho hakula," nilisema.

Ulitikisa kichwa, ukageuka, ukarudi ulikotoka. Hatukuonana tena.

Nilisikia umejifungua mtoto wa kike. Nilituma salamu kwa kila aliyekwenda Vanga, nilituma kanga, nilituma sabuni. Hakikurudi kitu, na sikujua kama vilikufikia. Nilijiambia nitakuja nikipata likizo. Nikipata likizo nilijiambia njia ni mbaya. Miaka minne imepita kwa namna hiyo.

Kisha mwaka huu, kabla ya masika, ripoti ya uchunguzi wetu ililetwa ofisini, imepigwa chapa, nzito. Bi Rhoda aliniletea nakala yangu mwenyewe. Nilitafuta ukurasa wa vyakula vya kuchukua mkononi, nikaona namba ya chupa ya mama, naikumbuka kwa kuwa niliiandika kwa mkono wangu. Na yaliyoandikwa pale, dada, ni kwamba mahamri na mbaazi za nazi vikiliwa pamoja ni chakula chema, kina nguvu na kina cha kujenga mwili, na ni bora kuliko vingi tulivyovinunua katika njia ile. Mihogo na samaki vivyo hivyo. Ubaya wake, wameandika, ni kwamba watu wazima hununua vyote viwili, na watoto hupewa nusu yake tu: hamri bila mbaazi, muhogo bila samaki.

Nilisoma mara tatu. Chakula cha mama hakikuwa na hatia. Kitu cha kumponya Saidi kilikuwa juu ya ubao uleule, katika sufuria ya pili, shibiri moja kutoka kichwani pake.

Nilimpelekea mama, nikamsomea nikitafsiri neno kwa neno. Amezeeka, dada, sasa anapika kwa kukaa kwenye kibao. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo hayakuwa mabaya?"

"Hayakuwa mabaya, mama."

Aliupapasa ukurasa kwa kiganja. "Basi ningekuacha useme," alisema. Akainuka akaingia chumbani. Tangu siku hiyo hajawasha moto wa mahamri. Karai limegeuzwa kifudifudi nyuma ya nyumba.

Nilitaka kukuletea ripoti ile mkononi. Mvua zikaanza, njia ya Vanga ikakatika, na safari hii njia ilikuwa mbaya kweli. Nilipofika, mvua zimekwisha, homa ilikuwa imeshakuchukua.

Jirani yako, Bi Mwaka, ndiye aliyenipokea. Alinipa maji, akanitazama sana, kisha akasema, "Kumbe wewe ndiye mdogo wake, yule msomi wa chakula?"

Nikamuuliza amejuaje.

"Ah! Nani hapa asiyekujua? Dada yako alikuwa akikaanga mihogo pale penye mashua. Mtoto akitumwa kununua muhogo, hampi muhogo mtupu. Humtilia kipande cha samaki, au kijiko cha kunde, hata kama hakununua. Tukimuuliza atapata faida gani, anasema, 'Mdogo wangu amesoma, anafanya kazi ya vyakula. Yeye ndiye aliyenifundisha.' Na mwanawe huyu, dagaa hazikukosekana kwenye uji wake hata siku moja. Alikuwa mkali!"

Niliyaweka chini yale maji.

Kwa hivyo uliniamini. Alasiri ile uani uliamini kila neno, na barazani ulijua kwamba najua. Ukaenda na maneno yangu mpaka Vanga, ukayatumia, ukalisha watoto wa watu, ukanitaja kwa fahari mbele ya wasionijua. Mbele ya wanaonijua, mimi nilikukana.

Juzi nilikwenda kwa akina Bakari, nikamwomba ami yake mkubwa awaite watu tena, walewale, barazani palepale. Wengi walikuja. Mama alisema magoti yanamuuma. Nilisimama nikasema yote, tangu picha ya Bi Rhoda mpaka kahawa niliyokunywa. Nilisema Mwanakombo binti yetu hakuzini, na mtoto hakuwa na chirwa. Alikosa chakula cha kujenga mwili, na mimi nilijua.

Bakari ameota mvi. Ana mke mwingine na watoto wawili. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Siku ile tulipokaa hapa, angalipelekwa hospitali, angalipona?"

"Wengi waliopelekwa mapema walipona," nilisema.

Alisimama akatoka, akaacha viatu vyake mlangoni. Hakuna aliyemwita.

Nilitaraji mavyaa wako abishe. Hakubisha. Alikuwa akiyafinya mapindo ya leso yake, na sauti ilipomtoka ilikuwa ndogo.

"Na wewe ulikuwa umeketi hapo. Mbona hukusema?"

"Niliogopa."

"Sote tuliogopa," alisema. "Lakini sisi hatukujua. Wewe ulijua."

Zuhura yuko kwangu. Mjomba ameridhia akae nami asome. Ni mzima, ana meno mazuri, na akipewa muhogo mtupu huuliza kitoweo kiko wapi. Jana kabla ya kulala aliniuliza, "Mama mdogo, mbona hukuwa ukija kwetu?" Nilifikiria kumdanganya. Kisha nikamwambia kweli, kwa maneno yanayomtosha mtoto: kwamba wewe ulihitaji nikusemee, nami nikanyamaza, kisha nikaona haya kukuangalia usoni. Alinisikiliza. Akavuta shuka yake, akasogea mpaka mwisho wa kitanda, akanigeuzia mgongo. Sikumvuta. Nilikaa nikimsikiliza akipumua mpaka usingizi ukamchukua.

Mungu akulaze na Saidi wako, akupe alichokunyima binadamu. Kwaheri, dada.

Mdogo wako uliyemsomesha,

Mishi